Bushi ya nailoni iliyobana shafti, na hii plastiki inaitwa piki

Mwezi uliopita nililetewa pampu ya maji moto hapa karakana Shimanzi, imetoka kiwanda kimoja upande wa Changamwe, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hio bushi iliyoharibika, ile pete ambayo shafti inazunguka ndani yake, niliikereza mimi mwenyewe. Niliwapa nailoni, safi kabisa, shafti inaingia na unaizungusha kwa kidole kimoja. Haikumaliza wiki mbili. Fundi wao kijana akanipigia, "Ami, pampu imekwama, mota inanguruma tu." Nikamwambia, "Izime mwanangu, usiiwashe tena mpaka nije." Tulipofungua, shafti ilikua imebanwa haswa, ikabidi ile bushi tuipasue kwa patasi.

Vipimo vyangu vilikua sawa, nilikosea kuchagua nailoni. Nailoni inakunywa maji. Ile ya aina ya 6 ikiloweka mpaka ikashiba inabeba maji karibu asilimia 9 ya uzito wake, na ikishayanywa inafura, halafu ongeza joto la nyuzi 90, na kwa nje imezungukwa na chuma, sasa itafuria wapi kama si ndani kwenye tundu? Mtu atakwambia mbona nailoni inayeyuka kwenye nyuzi 220, hio 90 ni nini. Hapo ndipo mafundi wengi tunapopotea, tunaangalia inayeyuka lini wakati tulitakiwa kuuliza inaanza kulegea lini.

Basi safari hii nikanunua PEEK, sisi tunaiita piki, jina refu ni polietha-etha-ketoni. Ilitoka Uingereza, kampuni ya ICI ndio waliitengeneza mwaka 1978. Rangi yake kama chai ya maziwa iliyokosa majani, na bei yake wallahi inatisha, kile kipande kifupi nilichonunua ningepata rodi za nailoni za kujaza pembe nzima ya karakana. Lakini inakunywa maji kidogo mno, kama nusu asilimia tu, na mvuke haiujali, ndio maana hospitalini kuna vifaa vya upasuaji vyenye mikono ya piki vinavyochemshwa kwa mvuke wa nyuzi 134 mara kwa mara na havipasuki.

Inayeyuka kwenye nyuzi 343, na karatasi za wauzaji zinasema inafanya kazi mfululizo mpaka 260 hivi. Ni kweli, lakini soma vizuri. Piki tupu ikipita nyuzi 143 inaanza kulainika, haiyeyuki, haiungui, ila ule ugumu unashuka sana, kwa hivyo kama kuna mzigo mzito juu yake itakubonyea. Ikichanganywa na nyuzi za kioo asilimia 30 ndio inastahimili mzigo hata kwenye joto la juu sana. Na kuna ile nyeusi ya beringi, imetiwa nyuzi za kaboni, grafaiti na tefloni, hio inateleza vizuri na hailiki upesi. Hio ndio niliyochukua.

Kuikereza kunataka subira. Piki haipitishi joto, kwa hivyo joto lote linabaki kwenye ncha ya kisu, ukiwa na kisu butu utaona uso unang'aa kama umepigwa pasi na ukipima baada ya saa moja kipimo kimehama. Nilitumia kisu kipya cha kabaidi, maji ya kupoza muda wote, nikaacha milimita nzima ya kumalizia, nikaiweka ipumzike usiku kucha, asubuhi baada ya chai na mahamri ndio nikamaliza.

Halafu kuna hesabu ya kutanuka, hii usiiruke. Bushi yangu ilikua na kipenyo cha milimita 60, ikitoka nyuzi 30 hapa Mombasa ikafika 90, chuma kitatanuka kama 0.04, lakini piki tupu inaelekea 0.18! Hii nyeusi inatanuka kidogo kuliko hapo ila bado inakipita chuma, kwa hivyo nafasi ya shafti niliiacha kubwa kuliko vile mkono wangu ulivyozoea, na yule kijana alipoijaribu ikiwa baridi akaniangalia, akasema "Ami, mbona inacheza?" Nikamwambia ngoja ipate moto.

Duniani hii kitu iko mahali pengi, vali za kompresa, sili za visima vya mafuta, sehemu za ndege, mpaka vipande wanavyowekewa watu kwenye uti wa mgongo, kwa sababu eksirei inapita na daktari anaona mfupa unavyounga. Hilo la uti wa mgongo lilinigusa sana, kwamba kitu nilichokishika kwenye mashine yangu kina ndugu yake ndani ya mgongo wa mtu. Ila usiipeleke kwenye asidi kali ya salfuriki, inaiyeyusha, na piki isiyotiwa rangi usiiache juani.

Pampu inafanya kazi mpaka leo. Jana kapiga mteja mwengine, anataka bushi ya pampu ya mafuta moto, ananiambia "ni nyuzi 200 tu fundi, nitengenezee hio hio piki." Nimemwambia anitumie kwanza mzigo wa shafti na kasi yake, nangoja anijibu.