Michirizi myeupe kwenye farasi mweusi: jinsi nilivyotatua

Alhamdulillahi, picha zimetoka safi. Naandika ili mwenzangu asihangaike nilivyohangaika. Farasi wangu ni mweusi, yuko Bamburi. Kila nikimwosha, akikauka hutoka michirizi myeupe mbavuni kama unga, na kwenye picha huonekana wa kijivu. Nilibadilisha sabuni, wapi. Nikampaka mafuta ya nazi, vumbi likamganda.

Kumbe ni maji! Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya huku karibu na bahari. Nikanunua mitungi 3 ya lita 20 ya maji matamu kwa wa mkokoteni. Jioni ya kuamkia siku ya picha nilimwosha kwa maji ya kisima kama kawaida, lakini kumsuuza mara ya mwisho nikatumia maji matamu matupu, hadi ndani ya singa na mkia. Nikamfunga mpaka akauke, maana farasi aliyelowa hupenda kugaagaa mchangani.

Asubuhi sikumtia maji tena: brashi laini tu, kufuata manyoya yalivyolala.

Saa moja, jua la baharini lilipompiga, aling'aa. Na masikio, yasimame vizuri kwenye picha? Kijana wa zizini alitikisa debe la pumba nyuma ya mpiga picha, yakasimama papo hapo.