Bawabu mlevi hakuletwa kutupumzisha

Darasani husemwa kwamba kichekesho ndani ya tanzia ni cha kuituliza hadhira. Kwa bawabu wa Macbeth, tanzia ya Shakespeare, sehemu ya pili, onyesho la tatu, jibu hilo ni nusu tu.

Macbeth ameshamuua Mfalme Duncan, mgeni wake. Macbeth na mkewe wana damu mikononi, na langoni kunapigwa hodi. Mke anamhimiza mume akanawe, avae nguo za kulalia. Wakishaondoka anaingia bawabu, pombe za jana zingali kichwani, akijifanya mlinzi wa lango la jehanamu. Hodi haikomi, naye hafungui. Anawakaribisha wageni wa kuwaza: mkulima aliyejinyonga, mshonaji mwizi wa kitambaa, na mwenye ndimi mbili aliyeapa huku na huku. Watazamaji wa London walimnusa humo Padre Henry Garnet, aliyenyongwa mwaka 1606 kwa kuhusishwa na njama ya baruti, ile ya kumlipua mfalme bungeni. Leo utani huo umepoa, lakini usiufute: Macbeth mwenyewe ataangushwa na maneno ya ndimi mbili ya wachawi.

Tunacheka, na maiti imo humo humo ndani. Kila sentensi ya mlevi inachelewesha kugunduliwa kwa maiti hiyo, kwa hiyo kicheko kinatubana badala ya kutuachia. Halafu kuna hitaji la nyuma ya jukwaa, ambalo wengi hawalifikirii: mwigizaji wa Macbeth anahitaji muda wa kuosha damu na kubadili nguo. Ukilikata onyesho hili, atarudi na wekundu kwenye kucha.

Kosa kubwa ninaloliona kwa waongozaji ni kuzima taa kati ya onyesho la pili na la tatu. Hodi lazima ivuke bila kukatika, mdundo ule ule, uzito ule ule. Ikikatika, bawabu anageuka kituko cha pembeni. Kosa jingine ni kuyumbayumba. Mlevi wa kweli hujikaza aonekane mzima, na hapo ndipo anapochekesha. Tena asiongezewe mizaha ya mtaani. Hadhira ikizoea kumpigia makofi, itamsahau Duncan.

Akishafungua, anaomba bakshishi. Mkono huo ubaki umenyooshwa Macduff, mkuu aliyekuwa akipiga hodi, anapopita, na mazungumzo yao kuhusu pombe yaende haraka. Macduff akiuliza tu kama bwana ameamka, Macbeth awe ameshatokea, mikono safi.