RAM Moja au Mbili: Nilivyodanganywa na Kasi ya 3600

Fundi aliyenishauri nilipokuwa nikiunda kompyuta yangu hapa Kisumu alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara elfu: "Omera, nunua RAM moja kubwa, uache sloti nyingine wazi uongeze siku ukipata pesa." RAM ni kijiti cha kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Nilimtii. Nililipa elfu sita na kitu kwa RAM moja ya aina ya DDR4, ya GB 16, nikarudi Kondele nikipiga mluzi.

Ushauri huo haukuwa uongo mtupu, na ndiyo sababu ulinipoteza. RAM ikiwa moja, kidhibiti cha RAM kilicho ndani ya prosesa hubeba mzigo mwepesi, kwa hiyo ni rahisi kuipandisha kasi. Yangu ilikuwa imeandikwa 3200, yaani mipigo milioni 3200 kwa sekunde. Niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaongeza volti kutoka 1.35 hadi 1.4, na kufikia saa tano usiku ilikuwa ikikimbia kwa 3600 bila kukwama hata mara moja. Niliwatumia marafiki picha ya skrini kama mtu aliyepata mtoto. Kesho yake mpwa wangu alifungua mchezo wake wa mpira, na wachezaji wakawa wanakimbia kama wanaovuka matope ya Nyando: picha 31 kwa sekunde.

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya dukani niliifanya usiku huo. RAM moja hutumia njia moja tu kufikia prosesa, na njia moja ya DDR4 hupitisha baiti 8 kwa mpigo mmoja, hivyo 3600 yangu ya kujivunia ilinipa takriban GB 28.8 kwa sekunde, ilhali RAM mbili za 3200 zisizoguswa kabisa, kila moja kwenye njia yake, zina uwezo wa GB 51.2. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600G, nami sina kadi ya michoro, kwa hiyo michoro yote hutegemea RAM hiyohiyo. Mwenye kadi yenye kumbukumbu yake mwenyewe hataumia kiasi hicho.

Nikaenda kununua ya pili, duka lingine, kampuni ileile, lebo ileile, hata rangi ileile. Nilipowasha, feni zilizunguka, taa ndogo ya kumbukumbu kwenye ubao mama ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Nilichomoa, nikapuliza, nikafuta meno yake kwa kifutio cha penseli, nikatoa betri ya BIOS na kuirudisha, nikaomba, nikawasha tena, giza. Ndipo nilipozishika zote mbili dirishani: moja ilikuwa na chipu pande zote mbili, nyingine upande mmoja tu. Ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Zilikubali kuishi pamoja kwa 2933 tu, yaani chini ya kasi niliyokuwa nimelipia.

Niliziuza zote kwa hasara ya elfu moja hivi nikanunua jozi iliyofungwa pamoja kiwandani, mbili za GB 8. Hata hapo nilijiaibisha, kwa kuwa nilizichomeka zikiwa zimebanana kwenye sloti mbili za mwanzo, na BIOS ikaendelea kuonyesha njia moja. Katika ubao wangu wenye sloti nne, mahali pake ni sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kitabu kilisema hivyo, nami nilikuwa nimekitumia kuegemeza meza.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni joto la mji huu. Jozi ilifika 3600, ikapita Memtest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, kisha ikaanguka saa tisa alasiri. Tangu hapo napima mchana, dirisha likiwa limefungwa, jua likiwa upande wa chumba changu. Niliishusha hadi 3466, nikafunga feni ndogo juu ya RAM kwa waya wa kufungia mkate, na haijakwama tena. Mchezo ule sasa unatoa picha 47 hadi 50.

Fundi wangu nilimweleza yote haya. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini sikununua nne.

Nilimwambia kwamba nne zingekilemea kidhibiti hata zaidi, na kasi ya 3466 ningeisahau. Akatikisa kichwa, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja: "Chukua hii moja kubwa, omera."