Ini la panya aliyefunga

Ujiji, usiku wa kumi na mbili wa Ramadhani

Leo baada ya futari, tukiwa bado tumekaa jamvini na sinia la mihogo na migebuka limebaki nusu, mama mdogo aliniuliza chakula cha daku hukaa wapi mwilini hadi magharibi. Nilianza kumweleza habari za ini, kisha nikajikuta nimerudi kwa panya weupe wa maabara niliowahudumia mwaka wangu wa mwisho chuoni, na usingizi umenikimbia hadi nimeamua kuandika.

Mwili huhifadhi glukosi, yaani sukari ya damu, kwa kuiunganisha kuwa glaikojeni, wanga wa wanyama, ambao mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard aliutenga kutoka kwenye ini mwaka 1857. Kwa panya aliyeshiba, glaikojeni inaweza kufikia takriban asilimia 5 ya uzito wa ini. Akikaa saa 24 bila chakula, karibu yote huwa imekwisha. Misuli yake, katika muda huohuo, hupungukiwa kwa kiasi tu, kwa sababu haina kimeng'enya, yaani protini inayoendesha badiliko la kikemia, cha kuivua glukosi fosfati, kemikali inayoifungia ndani ya seli, ili iweze kutoka kwenda kwenye damu, hivyo kilichowekwa msulini hutumika mulemule. Ini linacho kimeng'enya hicho, nalo ndilo linaloulisha ubongo wakati tumbo ni tupu. Nilimwambia mama mdogo kwamba ini ni ghala la ukoo na msuli ni chungu cha mwenyewe, naye akaitikia kwa kichwa.

Jaribio langu la kwanza niliharibu mwenyewe. Niliwaondolea panya chakula saa mbili asubuhi nikawapima saa nane mchana, nikiamini kwamba nimewafungisha saa sita, kumbe panya hula usiku, na wakati wa mchana hulala, kwa hiyo hata wale walioachiwa chakula hawakuwa wamekula cha maana, na makundi yote mawili yalikaribiana. Wanyama wanane walikwenda bure. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mnyama anayeuawa kwa ajili ya elimu anastahili swali lililoulizwa sawasawa. Mara ya pili niliondoa chakula jioni, nikawaweka kwenye sakafu ya waya, kwani panya mwenye njaa hula vumbi la mbao alilotandikiwa na hata kinyesi chake, na hapo hawezi kuhesabiwa kuwa amefunga.

Tulichemsha vipande vya maini kwenye potasi kali, kisha tukamimina alkoholi ili glaikojeni ijitenge. Neli ya kioo ya aliyeshiba ilishusha mashapo meupe mazito. Ya aliyefunga ilibaki karibu maji matupu. Nimesoma mengi tangu hapo, lakini hakuna kilichonifundisha maana ya njaa kama neli zile mbili zilizosimama pamoja.

Kundi la tatu lilirudishiwa chakula, na baada ya saa chache mashapo yalikuwa yameanza kurudi. Nilidhani glukosi ya chakula huingia moja kwa moja kwenye ini na kuunganishwa, lakini sehemu kubwa hupita njia ya kuzunguka: kwanza huvunjwa kuwa laktati yenye kaboni tatu, kisha ini huichukua laktati hiyo, huijenga upya kuwa glukosi, na ndipo huiweka akiba. Mwaka 1984 watafiti Joseph Katz na Denis McGarry waliliita jambo hili fumbo la glukosi. Tena, panya aliyekaa na njaa siku mbili kisha akalishwa wanga kwa wingi anaweza kujaza ini kupita hata yule ambaye hakufunga kabisa.

Nilimtahadharisha mama mdogo asijipime kwa panya. Mnyama mdogo huunguza nishati nyingi zaidi kwa kila gramu ya mwili wake, kiasi kwamba usiku mmoja wa njaa humpunguza uzito waziwazi, ilhali ini la mtu mwenye afya aliyefunga kutoka alfajiri hadi magharibi bado lina akiba.

Aliuliza tu kama wale wa kundi la tatu walikula vizuri. Nikamjibu kwamba walikula bila kuinua vichwa.

Habari ya moyo hatukuifikia, maana adhana ya isha ilitukuta njiani, nami ndiyo niliyotamani zaidi kumsimulia. Wakati ini linakauka, glaikojeni ya moyo wa panya aliyefunga huongezeka. Moyo huo hupata asidi za mafuta na ketoni, yaani nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, kwa wingi kutoka kwenye damu, huzichoma hizo badala ya glukosi, na glukosi kidogo unayoipokea huiweka kando. Nilipoona tarakimu hizo mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu, nikidhani nimebadilisha lebo za neli. Kesho, Mungu akipenda, nitamweleza tukiwa tunamenya mihogo.