Gunia Moja na Nusu, Kasoro Kilo Moja

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai, chapati ya jana, baridi ya Nakuru. Mimi ni afisa wa kliniki wa nusukaputi: nawalaza watu usingizi na, kazi ngumu zaidi, nawaamsha.

Saa moja. Nakagua mashine na oksijeni. Kwenye orodha kuna henia mbili. Zitaahirishwa, ila bado sijui.

Saa mbili kasorobo. Analetwa mfanyabiashara wa mahindi. Matatu yake imegongana na lori upande wa Salgaa. Paja limevunjika, mbavu za kushoto pia, pumzi fupifupi. Ni mtu mkubwa kwelikweli. Dawa zangu hufuata uzito, na machela yetu haina mizani. Mkewe ananinong'oneza, "Daktari, juzi alijipima kwa mizani ya magunia. Mia moja thelathini na nne." Gunia ni kilo 90. Piga hesabu mwenyewe.

Presha inasoma 138. Wote wanashusha pumzi. Mimi natazama mkanda: umembana mkononi, ncha zimeshikana kwa shida. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, husoma juu. Unatafutwa ule mpana, unapatikana wodi nyingine baada ya dakika kumi zilizoniudhi hadi sasa. Tunapima tena: 92. Paja laweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje. Tunaitisha damu.

Ultrasaundi ya tumbo haisemi kitu, mafuta yanaficha picha. Presha ikipanda kidogo tunakwenda CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Fundi anauliza uzito kwanza, meza ina kikomo chake. Inambeba. Tumbo ni salama, pafu limechubuka.

Saa nne na nusu, theta, chumba cha upasuaji. Tunapanga mashuka chini ya mabega na kichwa mpaka sikio lilingane na kifua. Akilala chali, tumbo hulikandamiza pafu, na akiba ya hewa huisha upesi. Namvutisha oksijeni kwa muda mrefu. Hata hivyo, mrija wa kupumulia ukiingia kooni, oksijeni imeshashuka kutoka 98 hadi 85.

Daktari kijana anataka kupiga chuma cha ndani ya mfupa leo leo. Mkubwa wake anakataa: kuchokonoa uboho kunasukuma mafuta kwenye pafu ambalo tayari ni bovu. Vyuma vya nje, dakika hamsini, basi. Cha ndani kitaingia siku nyingine, kupitia goti, maana kwa nyonga nene kama hiyo kufika juu ya paja ni taabu.

Saa nane, ugali umepoa. Mmoja anatania kwamba tungeita winchi. Sikucheka.

Saa kumi, wodi ya uangalizi. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Kumgeuza asipate vidonda kunataka watu sita. Usiku kuna manesi wawili. Sindano ya kuzuia damu kuganda itasubiri tuhakikishe haivuji.

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuondoka, nabandika plasta kwenye ule mkanda mpana na kuandika kwa kalamu nyekundu: WA KITANDA CHA 3. USIHAMISHWE.