Siku moja maishani mwangu: kuwatoa dagaa wasiokuwepo

Saa 12:15 asubuhi. Huku Kigoma bado giza. Saa zetu ni zile zile za Dar, ila jua letu huchomoza karibu saa 1. Bodaboda ananisubiri huku akipiga miayo. Tunafunga ndoo 2, brashi, dekio, lita 5 za siki nyeupe, sabuni za mche na mfuko wa mkaa. Mpwa wangu atakuja kwa miguu, ndivyo alivyosema jana, na najua atachelewa.

Kazi yangu ni kutoa harufu mbaya majumbani, na leo iko Mwanga, hapa hapa Kigoma, apatimenti ya vyumba 2 ghorofani. Mama mwenye nyumba alinipigia juzi akilalamika: wateja wanakuja kuangalia, wakifika sebuleni wanakunja pua, wanaaga. Aliyehama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Ziwa Tanganyika lilipokaribia kufungwa kwa uvuvi (mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane) alijaza magunia chumba cha nyuma akingoja bei ipande. Bei ikapanda, akauza, akahama. Harufu hakuhama nayo.

Mimi ni mtu wa Ujiji, dagaa nimekua nao. Juani kwenye mwalo wananukia njaa. Wakifungiwa chumbani miezi mitatu ni kitu kingine.

Saa 1:10. Sigusi ndoo. Kwanza nanusa, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Pua huzoea upesi: ukikaa ndani dakika chache tu, husikii tena, unadhani umeshinda. Kwa hiyo naingia, nanusa pembe moja, natoka barazani, napumua, narudi pembe nyingine. Nainama mpaka sakafuni, nafungua kabati, nanusa pazia kama mama anayenusa shati la mtoto. Jirani wa mlango wa pili ananichungulia. Shikamoo. Marahaba. Haulizi, lakini najua nitazungumzwa.

Jibu: harufu ni mbili. Ya chumbani ni dagaa. Ya jikoni na bafuni ni ya mayai viza, na hiyo dagaa wamesingiziwa.

Saa 1:40. Hiyo ya pili inaisha kwa jagi la maji. Chini ya sinki bomba limekunjwa kama shingo ya bata, na maji yanayobaki kwenye mkunjo ndiyo kizuizi cha hewa ya shimo la choo. Nyumba ikikaa tupu wiki kadhaa, maji hukauka na hewa inapanda. Namimina maji sinkini na kwenye tundu la sakafu ya bafu, kisha kijiko cha mafuta ya alizeti juu yake ili yasikauke haraka. Mawese usijaribu, yataganda.

Saa 2:30. Mpwa amefika, na samahani zake. Tunang'oa kapeti la plastiki chumbani. Chini yake: vumbi la kahawia, vichwa vya dagaa, na doa la mafuta lenye umbo la gunia. Miezi yote hiyo watu wamepuliza manukato juu ya kapeti hili!

Mpwa anashika chupa ya klorini ya kufulia. Nampokonya. Klorini ikikutana na siki inatoa gesi inayochoma mapafu, na chumba hiki kina dirisha moja. Leo ni siki, basi klorini inakaa nje, barazani.

Tunafagia, kisha maji ya moto na sabuni, sakafu na kuta hadi kimo cha bega, kwa sababu magunia yaliegemezwa ukutani na mafuta yakashika rangi. Siki ukiipaka juu ya mafuta inateleza tu. Kuta zikitakata ndipo naileta, nusu siki nusu maji. Sehemu kubwa ya shombo la samaki ni kemikali ziitwazo amini, kama trimethilamini, nazo ni besi, yaani kinyume cha asidi. Asidi ya siki inazigeuza chumvi, na chumvi hairuki hewani kutafuta pua yako. Mwalimu wangu wa kemia angeshangaa kusikia nilikuwa nasikiliza. Kwenye vigae siiachi ikae, nasuuza baada ya dakika 10, maana asidi inakula saruji ya viungo.

Saa 7. Ugali wa muhogo na maharage. Mpwa alitaka dagaa. Nimekataa.

Saa 8. Upepo wa ziwani umeanza. Tunafungua madirisha ya magharibi na mlango wa mashariki ili upepo upite moja kwa moja. Mapazia yameshafuliwa, yako kambani.

Kinachonishinda ni kabati la ukutani. Ni mbao za kubandikwa, ukizimwagia maji zinavimba, na shombo limeingia ndani. Nafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, natandaza mkaa kwenye beseni, naacha milango wazi.

Saa 11. Mama mwenye nyumba anakuja na chetezo cha udi. Namwomba akirudishe kwenye gari. "Ukifukiza sasa, mama, utapata dagaa wa harusini." Anacheka, lakini hajaridhika. Namwomba tufunge madirisha yote, tukae nje saa nzima.

Saa 12:10 jioni, jua bado lipo. Tunaingia na pua safi. Sebule, hakuna kitu. Jikoni, sabuni. Chumba cha nyuma, naye ananusa kwa muda mrefu kuliko mimi. Kabatini anasimama. "Huyu hapa."

Ni kweli, mmoja amebaki. Namwambia ukweli: apake rangi ya mafuta ndani ya kabati lote izibe mbao, ama alitoe. Mkaa peke yake hautalimaliza shombo. Anahesabu nusu ya hela, ananipa. Nusu nyingine Jumatatu, rangi ikishakauka, na atakuja na dada yake, ambaye anasema ana pua kali kuliko yake.