Msukuma mavi na nyota zake
Jana nilipoteza karibu nusu saa nikimtazama mbawakawa akisukuma tonge la mavi. Anakwenda kinyumenyume, kichwa chini, miguu ya nyuma ndiyo inayofanya kazi. Tonge likamponyoka mara mbili. Akapanda juu yake, akazunguka kama anayecheza ngoma, kisha akashika njia ileile! Huko juu huwa anasoma anga. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa spishi moja ya Afrika hunyoosha njia usiku kwa mwanga wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota.

Familia yake, Scarabaeidae, ina spishi zaidi ya 30,000. Utaitambua kwa vipapasio: ncha zake ni vibamba vinavyofunguka kama kurasa. Si wote walaji mavi. Wengine hula majani au maua, na wenye pembe hutoboa minazi (hao siwatetei). Hata walaji mavi hawafanani: wapo wanaoviringisha, wanaochimba papo hapo chini ya rundo, na wanaokaa humohumo ndani.

Australia iliagiza mbawakawa kutoka nje kuanzia miaka ya 1960, kwa kuwa wa kwao hawakumudu mavi ya ng'ombe na nzi walikuwa wamezidi.